Mpini wa Fagio

Juzi nilipita Sumbawanga, nikaingia kwenye ghorofa kuukuu nilimokulia. Dari la jiko letu bado lina vishimo vya mpini wa fagio la mama.

Juu yetu alikaa Mama Felista, Mfipa, ambaye kila alasiri alitwanga mahindi kwenye kinu palepale sakafuni. Harufu ya pumba ilitushukia dirishani, na chokaa ya dari ikadondokea kwenye mboga. Mama aligonga dari kwa mpini. Kinu kikajibu kwa nguvu zaidi.

"Mama Felista, tunakula chokaa huku," mama alisema dirishani.

"Si ufunike sufuria, mama wa Mbeya?"

Mimi niliamini wanachukiana.

Alasiri moja kinu kikanyamaza. Mume wa Mama Felista alikuwa amehamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Laela, na lori liliwabeba asubuhi, mama akiwa kwenye foleni ya sukari. Nilimwambia mama tumeshinda. Alisimama akitazama dari, nikadhani ana hasira kwa kukosa neno la mwisho.

Sikujua kwamba hakuwa na ndugu hata mmoja katika mji ule wa baridi, na kwamba siku nzima, baba akiwa ofisini, ni Mama Felista tu aliyemjibu.

Akachukua fagio, akagonga dari mara mbili, taratibu. Kisha akaepua sufuria iliyokuwa ikitokota, ili asikie vizuri.