Njuga za Baba kwenye Santuri

Mimi darasa la saba sikulimaliza, lakini spika kama zangu hakuna mwingine aliyekuwa nazo mtaa mzima wa Igogo. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni, nikauza dagaa, leo nina nyumba juu ya mawe na muziki wa kumnyamazisha mwenye digrii. Sijisifu, nasema yaliyopo.

Nilizinunua kwa ajili ya mama. Marehemu baba alikuwa akisimulia kwamba bendi moja ilimtoa kwenye ngoma za kulima, akapiga njuga zake miguuni siku waliporekodi santuri. Mama aliitunza santuri hiyo ndani ya kitenge. Lakini kila tulipoipiga tulisikia magitaa na mikwaruzo tu. Njuga hakuna. Mjomba, kaka yake mama, akapata la kusema kwenye kila harusi: "Shemeji alibeba vyombo vya wenzake tu!"

Jumapili moja nikamwita avuke ziwa kutoka Sengerema.

"Shikamoo, mjomba. Leo utasikia."

"Marahaba. Nitasikia nini kwenye makabati haya? Haya, tuwekee huyo mbeba mizigo."

Mama hakucheka. Aliketi ukingoni mwa kochi, kitenge amekikunja mkononi, na hapo ndipo nilipoogopa. Je, kama mzee alitudanganya? Nitakuwa nimemfanya mama afiwe mara ya pili, tena kwa jasho langu.

Nikaweka sindano. Bezi ikatikisa vioo. Nilikuwa nimeifungua yote, maana mjini hapa spika isiyogonga kifua si spika. Wimbo ukalia mpaka ukaisha. Njuga hakuna.

"Si nilisema!" Mjomba akajipiga paja.

Mama akasema taratibu, "Mwanangu, punguza huo mngurumo. Unamfunika baba yako."

Ilikuwa kama kuvuliwa shati mbele za watu. Nikapunguza, nikarudisha sindano. Sasa nikamsikia mwimbaji akivuta pumzi. Kumbe magitaa yalikuwa matatu, miaka yote nilidhani mawili. Halafu, nyuma yake kabisa: cha, cha, cha.

"Hiyo ni kayamba," mjomba akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ngoja, kaka. Mguu wa kushoto baba yake alijikata kwa jembe. Wakikaza mwendo, huo hubaki nyuma."

Magitaa yakakaza mwendo. Njuga moja ikachelewa, kidogo tu.

Mjomba akainamia zulia. "Irudishe," akasema.