Kaseti ya Kwanza Ilikwenda Ndalu

Dada yangu aliolewa Kitale mwishoni mwa miaka ya themanini, na harusi yake ilipigwa video. Mpiga picha alikuja na kamera ya kaseti ndogo, inayotosha kiganjani, ambayo haikuweza kuingia kwenye mashine ya mtu yeyote nyumbani. Ilibidi aihamishie kwenye kaseti kubwa. Alipomaliza, ile ndogo aliirekodia harusi nyingine wiki iliyofuata; ndivyo walivyofanya wote. Kwa hiyo kaseti kubwa ya kwanza ndiyo iliyokuwa mama wa zote, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Baba aliagiza itolewe nakala moja ya kubaki kwetu. Ile ya kwanza aliifunga kwa gazeti akaipeleka Ndalu kwa kaka yake mkubwa. Kwetu kitu cha kwanza ni cha mkubwa, kuanzia mahindi mabichi hadi firigisi ya kuku. Kwamba baba mkubwa hakuwa na televisheni, wala umeme wa kuiwasha, halikuwa jambo la kujadiliwa.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari na nilifanya kazi katika chumba cha kunakili kaseti, nyuma ya duka la redio. Sikukaa sana, sijakaa sana popote. Lakini nilijifunza kwamba kila nakala hupoteza kidogo, na nakala ya nakala hupoteza zaidi. Rangi nyekundu hutangulia kuvuja, halafu nyuso hupoteza kingo, halafu sauti huzama. Nilijua haya yote. Hata hivyo wakwe wa dada walipotaka yao, niliitoa kwenye ya nyumbani. Shangazi wa Bungoma alipotaka yake, nikaitoa kwenye ya wakwe, tena kwa kasi ndogo, ili kaseti moja ibebe harusi pamoja na ubatizo wa mjukuu wake. Mwishowe mashine ikaitafuna ya nyumbani, nasi tukatoa nyingine kwenye ile ya shangazi.

Baba alifariki miaka michache baadaye. Ndipo mama alipoanza kuitazama kaseti hiyo mara kwa mara, hasa sehemu moja: baba anasimama na chupa ya soda mkononi kushukuru wageni. Mama alikuwa na hakika kwamba hapo baba alimshukuru yeye mbele ya watu. Sisi watoto hatukukumbuka. Baba hakuwa mtu wa shukrani. Mimi sikuwahi kumsikia akimwambia mama asante hata kwa chai.

Krismasi moja shangazi alikuja kutoka Bungoma, na neno likazuka.

"Ndugu yangu alishukuru kanisa, akashukuru wapishi, akakaa," shangazi alisema. "Si mimi nilikuwa hapo?"

"Ulikuwa hapo kwa sufuria," mama akamjibu. "Masikio yako ilikuwa imejaa nyama."

"Basi weka hiyo video, bana, tuone."

Nikaiweka. Baba akasimama kama mtu aliyenyeshewa. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa mlio wa mafuta yanayokaanga. Mistari myeupe ikampitia usoni, akakaa.

"Rudisha," mama akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Kurudisha hukwangua ukanda, na hakuna mahali pa kaseti ile palipokuwa pamerudishwa kama pale.

"Si umeona?" shangazi akasema. "Hata mashine imekataa kudanganya."

Mama alicheka na wengine. Wageni walipoondoka akaniuliza kama sauti inaweza kusafishwa. Nikamwambia kilichopotea kwenye nakala hakirudi. Ingebidi tuwe na ile ya kwanza.

"Ya kwanza si iko Ndalu?"

Mimi nilikuwa nimeihesabu kuwa imekufa. Miaka ilikuwa imepita, ndani ya nyumba yenye moshi na panya. Isitoshe, kitu alichopewa mkubwa hakiombwi.

Nikaenda. Baba mkubwa alikuwa akipukuchua mahindi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na kaseti katika gazeti lile lile. Ilikaa sandukuni kati ya koti lake na Biblia, na kila koti lilipotolewa kupigwa upepo, kaseti nayo ilitolewa.

"Umewahi kuiona, baba mkubwa?"

"Nitaionea wapi? Kwa taa ya mafuta?"

Nikanyoosha mkono. Hakunipa.

"Baba yako alinipa hii kwa mikono mbili. Wewe unataka kuichukua kwa mkono moja?"

"Nisamehe, baba mkubwa."

"Kama ni kuonwa, mimi ndiye wa kwanza. Ilikuja kwangu kwanza."

Akavaa koti. Tukasafiri hadi nyumbani kwetu Kitale, kaseti ikiwa mapajani pake.

Mama alitaka shangazi awepo, na shangazi akaja. Nilisafisha vichwa vya mashine kwa spiriti, nikavunja kile kijino cha plastiki nyuma ya kaseti ili mtu asije akairekodia juu, nikaunga mashine ya pili inakili kwa kasi ya kawaida wakati huo huo tukitazama. Nilitaka ichezwe mara moja tu.

Picha ilikuwa safi. Gauni la dada lilikuwa na maua madogo shingoni ambayo nilikuwa nimeyasahau.

"Kumbe alikuwa mfupi hivi," baba mkubwa akasema, ndugu yake aliposimama na soda.

Baba alishukuru kanisa. Alishukuru wapishi. Shangazi akamgeukia mama. Halafu baba akaitazama chupa yake, akasema, "Na huyu mama ya watoto. Mnaniona nimesimama hapa, mnadhani ni mimi nimesimama." Watu wakacheka. Akakaa.

Shangazi akauliza, "Sasa hiyo nayo ni asante?"

"Wewe nyamaza," baba mkubwa akamwambia. "Kwa huyo, hiyo ilikuwa hotuba."

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe, kikingojea neno la siku zote.

"Usirudishe," mama akasema. "Itaisha."

Tukaiacha harusi iendelee mpaka watu wakaanza kula.