Upande wa Miiba

Nilikozaliwa mimi, kwenye milima ya Mbooni upande wa Makueni, maji yalikuwa ya kuchota na kurudi kabla chai haijapoa. Punda nilimjua kwa mbali tu, kama mtu anavyomjua chifu. Kwa hiyo nilipoolewa Zombe, miaka ya sabini, na mama mkwe akanikabidhi punda wawili, nilisema "asante, Mwaitu" kwa sauti ya mtu aliyepewa kazi asiyoiweza na hataki ijulikane. Mwaitu kwa Kikamba ni mama yangu, na ndivyo nilivyomwita mpaka alipofariki, hata siku ambazo nilitamani kumwita kitu kingine.

Mmoja wa punda hao alikuwa jike mkongwe, masikio yamechanika pembeni, mgongo umebonyea. Mama mkwe alimpata kwa kusuka na kuuza vyondo, vile vikapu vyetu, miaka na miaka, na katika boma lile lote ndiye mali pekee ambayo hakuna mwanamume angeigusa bila kumwuliza. Wa pili alikuwa dume aliyehasiwa, mwenye rangi ya vumbi, aliyeletwa akiwa mdogo akakulia ubavuni mwa yule mkongwe. Walilala pamoja na kula pamoja, na mmoja akisimama kukojoa mwenzake alimsubiri.

Mkongwe alisifiwa mpaka kanisani. Ilisemekana ukishampakia mitungi kule mtoni unaweza kumwachia njia, atafika nyumbani akiwa mbele na mwenzake ubavuni, na hatamwaga hata tone. Yule dume hakusifiwa na mtu. Alikuwa na tabia ya kutembea pembezoni kabisa mwa njia, ndani ya miiba, huku akimsukumasukuma mwenzake, na mabega yake yote mawili yalikuwa na mikwaruzo isiyopona. Nilikuwa nampaka oili chafu ya gari kwenye vidonda hivyo nikimfokea, "Njia yote hii, wewe unatafuta nini huko?"

Mwaka wangu wa pili pale, binti yake mama mkwe aliyeolewa Tseikuru alijifungua mapacha, na mama akafunga mzigo kwenda kumtunza. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa, hatumwoni mpaka Desemba, kwa hiyo nilibaki mwenyewe. Asubuhi ya kuondoka mama alinishika mkono akaniambia mambo mengi kuhusu kuku, kunde na ufunguo wa ghala, kisha akamalizia na punda.

"Usiwatenganishe. Nikirudi nikute wote wawili."

Nilidhani ni mwiko. Kwetu miiko kama hiyo ilijaa tele, usihesabu mbuzi, usiruke kamba ya ng'ombe, na mimi nilikuwa nimeokoka, mambo hayo nilikuwa nimeyatua zamani. Nilichosikia ni ile sehemu ya pili tu. Nikirudi nikute wote wawili. Wiki ya tatu mkongwe akaanza kukonda.

Nilichanganyikiwa tangu siku ya kwanza. Alikuwa anakula lakini hashibi. Pale aliposimama niliokota vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu na kutemwa. Nikaenda kwa mzee jirani, aliyefuga punda tangu ujana wake.

"Hiyo ni minyoo," akasema, hata bila kuinuka. "Mpe maji ya mshubiri. Akikataa, mshikilie pua."

Nilimshikilia pua, mshubiri wote ukanimwagikia mimi. Kiongozi wa akina mama kanisani naye akaja, akamtazama sana, akasema kuna mtu amemwonea mama mkwe wivu, tuombe.

"Punda naye anaombewa?" nikamwuliza.

"Alimbeba Bwana. Ataombewa."

Tukaomba. Keshoye mbavu zilihesabika vilevile. Hapo nikamfuata daktari wa mifugo aliyekuwa anapita sokoni Zombe siku ya soko. Nilimleta zizini, nikamwambia mgonjwa wangu hali chakula vizuri, akamfungua mdomo, akaangalia mdomo. Alisema meno yameisha, nimlainishie pumba za mahindi kwa maji, atakula. Alisema kweli. Nilimwonyesha mdomo na yeye akatibu mdomo, wala simlaumu.

Lakini kulikuwa na mambo mengine, na hayo sikumwambia kwa sababu sikujua kama ni ugonjwa. Nilihamisha karai la maji kutoka mlangoni pa zizi nikaliweka kivulini, hatua kumi hivi. Mkongwe akaja, akainamisha kichwa palepale karai lilipokuwa zamani, akalamba udongo. Nikamvuta mpaka kwenye maji, akanywa. Jioni akarudia kulamba udongo. Nilisimama nimeshika kiuno. Huyu si ndiye anayejua njia kuliko mwenye boma? Nikaamua amerukwa na akili, kama bibi mmoja wa kwetu aliyekuwa anapika sufuria tupu. Machoni mwa mkongwe niliona weupe kidogo, kama maji yaliyooshewa mchele. Nao nikasema ni uzee. Ukishapata neno la uzee, kila kitu kinaingia humo.

Kisha likaja suala la pumba. Kila nilipoweka karai la pumba laini, yule dume alitangulia, akasimama kifua kikiwa juu ya karai, akapuliza pua, na mkongwe akaja taratibu mpaka ubavuni kwake ndipo akainama. Dume naye alikula, tena si kidogo. Mimi nilikuwa nimetwanga mahindi yale kwa mikono yangu, mwaka wenyewe ulikuwa mkavu, nami nikimwazia mama mkwe akirudi na kukuta mifupa. Nina hasira za karibu, sifichi. Nilimchapa yule dume kwa fimbo ya mkwaju. Akasogea, akarudi. Nikamchapa tena. Nilimchapa siku tatu mfululizo mpaka matako yake yakavimba mistari, na kila mara alirudi kusimama palepale, wala hakunirushia teke hata moja. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Siku ya nne nikamfunga kwenye mti wa mgunga nyuma ya nyumba ili mkongwe ale peke yake. Mkongwe hakula. Alisimama katikati ya zizi, masikio yakienda huku na huku, na mwenzake kule mgungani analia mpaka jirani akaniuliza kama nina msiba. Nikawaza, basi huyu mkongwe anahitaji matembezi, apate hamu ya kula. Nitakwenda naye mtoni polepole, bila mzigo, na yule mlafi abaki. Nilijiona nina akili sana.

Njia ya kwenda mtoni inafuata ukingo wa korongo. Ukienda, korongo liko kushoto, na mdomoni mwake imeota miiba mirefu. Nilimtanguliza mkongwe nikamfuata nyuma, kama tulivyofanya siku zote. Alitembea vizuri mpaka kwenye kona ya kwanza. Kona ikaenda kulia, yeye akaenda mbele moja kwa moja. Nilipiga kelele. Akaingia kwenye miiba kama mtu anayeingia mlango wa nyumba yake, halafu ardhi ikaisha chini ya miguu yake ya mbele.

Hakuvunjika. Bado sijui kwa nini. Aliteleza na udongo mpaka chini, akalala kwa ubavu, akatulia. Niliteremka kwa makalio, nikamvuta kamba, nikamsihi, nikamtukana, nikalia. Hakunyanyua hata kichwa. Jirani alisikia sauti akaja akasimama ukingoni, akatikisa kichwa.

"Punda akilala hivyo, mama, anaaga. Tafuta maneno ya kumwambia mama mkwe wako."

Nilikuwa na hofu tu, na aibu. Na ndipo tukasikia kwato. Yule dume alikuwa amekata kamba, kipande kinaning'inia shingoni, anakuja mbio njia nzima. Alisimama ukingoni kando ya jirani akatoa ule mlio wao mbaya. Mkongwe akainua kichwa. Dume akalia tena, akapiga hatua chache juu kule, akasimama. Mkongwe akajikusanya, akaanguka, akajikusanya tena, akasimama akitetemeka. Basi wakaenda hivyo, mmoja juu na mwingine chini, yule wa juu akilia na kungoja, mpaka mahali korongo linapokuwa na kina kifupi na ng'ombe hupandia.

Kurudi nyumbani niliwafuata nyuma, na kwa mara ya kwanza niliwatazama. Sasa korongo lilikuwa kulia kwetu, na dume alikuwa kulia. Kwenda huwa kushoto. Mikwaruzo ya mabega yote mawili, na mimi na oili yangu chafu! Kila njia ilipopinda alimwegemea mwenzake kwa bega, kidogo tu, na mkongwe akapinda. Tulipofika nyumbani nilipitisha kiganja mbele ya jicho la mkongwe mara nyingi. Hakupepesa. Haoni. Tena hakuwa ameanza juzi kutoona.

Nilikaa chini palepale zizini. Nilikuwa nimemchapa aliyekuwa macho yake.

Tangu siku hiyo nilirudisha karai mlangoni na kuweka pumba za kuwatosha wawili. Dume aliendelea kusimama juu ya karai na kupuliza pua mpaka mkongwe afike, na aliendelea kula zaidi ya fungu lake. Kwa hiyo, je, alikuwa anamwonyesha chakula au anajishibisha? Nimelifikiria sana. Pengine vyote viwili, na sioni ajabu, hata sisi watu tunafanya wema tukiwa na njaa.

Mama mkwe alirudi baada ya miezi miwili na ushee. Hakunywa chai kwanza. Alikwenda zizini na mimi nyuma yake. Alimpapasa mkongwe mbavu kwa mbavu, akaguna, nikapumua. Kisha akamgeukia dume, mkono wake ukapita matakoni, ukasimama. Ile mistari ilikuwa imepona lakini manyoya yalikuwa yameota meupe.

"Nani amechapa huyu?"

"Ni mimi, Mwaitu."

"Alikosa nini?"

Nikamweleza yote, pumba, mgunga, kona, korongo, na jicho lisilopepesa. Aliendelea kupapasa yale manyoya meupe bila kunitazama.

"Si nilikuambia usiwatenganishe?"

"Uliniambia. Lakini hukuniambia ni kwa nini."

"Na ningekuambia ni kwa nini, hiyo hasira yako ungeiweka wapi?"

Swali hilo ninalo hadi leo. Ila lililonisumbua zaidi ni lile ambalo hakulisema. Kama alijua mkongwe haoni, basi aliliacha kanisa zima limsifu punda kipofu kwa kujua njia. Kama hakujua, basi alitembea nyuma ya mikia ile miaka yote bila kuona. Nilishindwa kuamua lipi ni afadhali. Siku moja tukipukuchua mbaazi nikajipa moyo.

"Mwaitu, ulijua kwamba haoni?"

Akatupa maganda kwenye ungo. "Si alikuwa anafika nyumbani?"

Akaendelea kupukuchua.

Mkongwe alikufa mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, mchana, amelala zizini na mwenzake amesimama juu yake. Vijana wa jirani walimburuta mpaka porini kama ilivyo desturi. Dume alifuata mpaka pale, akabaki huko siku nzima, kisha akarudi mwenyewe. Mama mkwe hakulia mbele yangu. Alisema tu kwamba maji hayajiteki, na akaingia ndani.

Keshoye nilimpakia dume mitungi mitupu tukaenda mtoni. Njia ilikuwa pana, imeoshwa na mvua, hakuna mtu mwingine. Yeye akashika kushoto, kwenye miiba, mitungi ikikwaruza matawi, na kulia kwake pakabaki nafasi ya punda mmoja. Nilimvuta aje katikati. Akaja, akatembea hatua tatu, akarudi kwenye miiba. Nikamvuta tena, akarudi tena. Nilijiona nina fimbo mkononi, nikaitupa korongoni.

Halafu, kwa kuwa sikujua la kufanya, nikapita upande wake wa kulia, nikatembea katika ile nafasi. Nilijihisi mjinga, mke wa mtu, mwenye akili zangu timamu. Tulipofika kwenye kona ya kwanza aliniegemea kwa bega, kidogo tu, nikapinda naye.

Watu husema shukrani ya punda ni mateke, na mateke ya huyu nilikuwa nayasubiri tangu siku ile ya kwanza ya fimbo, nikijua ni haki yangu. Sikuyapata. Sijui aliniegemea kwa mazoea tu, au alinidhania mwingine, au alikuwa ameona kwamba mimi pia sioni. Tulichota maji, tukarudi, na kurudi alikuwa kulia.