Fumbwe wa Uani Kwetu

Kiangazi kile, nyumbani kwetu Nyantakara, nilimwambia mama kwamba fumbwe, yule ndege mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu, amehama.

"Hajahama," alisema huku akianua mtama. "Mkia umenyonyoka tu. Yule pale, wa kahawia kama shomoro."

Nilimtazama vizuri. Mdomo wake ulikuwa bado mwekundu.

Mvua ziliporudi, manyoya meusi yalianza kuchomoza mabakamabaka, hadi mkia ukawa mrefu tena. Nilimwita mama aje amwone. Wakati huo macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Alitoka akipapasa ukuta, akageuzia uso kwenye migomba.

"Namwona," alisema. "Amependeza."

Ndege alikuwa upande wa pili, juu ya kamba ya nguo. Nilimshika mama mkono, nikamrudisha ndani.