Cheti cha Kifo cha Mtu Ambaye Hakuzaliwa

Karani wa korti pale Kericho aliniangalia juu ya miwani yake akaniambia nilete cheti cha kifo cha mume wa mama yangu. Nikamwambia mume wa mama yangu ndiye huyo huyo marehemu tunayemshughulikia, na cheti chake kiko hapo mbele yake. Akakisoma. "Hapa imeandikwa mwanamke." Nikasema ndiyo, alikuwa mwanamke. Akafunga faili, akamwita aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni.

Haya, wacha nieleze tena. Nimeieleza hii habari mpaka mdomo umechoka, na kila nikimaliza mtu ananiomba nianze mwanzo. Sisi ni Wakipsigis wa upande wa Sosiot. Kogo, yaani nyanya, maana ndivyo tulivyomwita, alifiwa na bwanake kabla hajapata mtoto wa kiume. Kwetu mwanamke kama huyo hakukaa tu kungoja shemeji zake waje wagawane shamba. Alitoa ng'ombe akaoa. Alioa msichana, kwa sherehe, mbele ya wazee, na watoto ambao msichana huyo angezaa wakawa watoto wa nyumba yake. Msichana huyo ndiye mama yangu. Mwanaume aliyetuzaa ni mtu wa ukoo, anajulikana, na hakuna anayemuuliza lolote. Kwa mila baba yetu ni Kogo. Mzee yeyote anayekunywa chai pale sokoni anajua hivyo, na wengine wao walikula nyama ya hiyo harusi.

Sasa kama kila mtu anajua, shida iko wapi? Shida ni mama yangu mwenyewe.

Mama ameokoka. Ni kiongozi wa akina mama kanisani, yule anayeshika ufunguo wa jikoni na kuamua nani atapika siku ya sherehe. Siku tulipomzika Kogo, pasta alikuwa mgeni, kijana aliyeletwa kutoka Kipkelion, hajui ukoo wala mila ya boma letu. Akampa mama kipaza sauti ajitambulishe. Mama akakohoa kidogo akasema, "Mimi ni mke wa kijana wa marehemu. Bwana yangu alitangulia mbele za Mungu zamani."

Jameni! Niligeuka nikamtazama macho yamenitoka. Kijana gani? Kogo hakuwahi kuzaa kijana. Nikaangalia wale wazee walioketi mbele chini ya hema, wale wale wa nyama ya harusi, nikingoja hata mmoja akohoe. Wakaitikia Amina, wote, na kwa sauti.

Jioni nilimfuata jikoni. Nikamuuliza, "Mama, huyo bwana umemtoa wapi?"

"Nilikuwa nimesimama karibu na pasta," akasema, akaendelea kusugua sufuria.

Hilo ndilo jibu nililopewa. Niliondoka kurudi kwangu Chepilat, ninakouza vitambaa, nikiwa nimechemka, lakini nikajiambia maneno ya matangani hupita. Hayakupita. Yule binamu yetu mkubwa, mtoto wa shemeji yake Kogo, ambaye ana duka la mbolea na dawa za ng'ombe, alikuwa ameyasikia na kuyaweka. Matanga yalipoisha alikuja na watu wa kupima shamba wakapiga vigingi katikati ya majani chai, kuanzia barabarani mpaka karibu na choo. Akamwambia mama kwa heshima zote, kofia mkononi, kwamba amekaa vizuri na marehemu miaka hiyo yote kama msichana wa kazi, na sasa familia inamshukuru, arudi kwao.

Arudi kwao! Mwanamke ambaye meno yameanza kung'oka. Ndugu zake walishakufa na shamba la kwao limegawanywa mpaka hakuna pa kuweka banda la kuku. Chai hiyo ameichuma tangu ilipokuwa inamfika gotini. Na huyo binamu babake mwenyewe ndiye aliyeswaga ng'ombe wa mahari kwenda kwa wazazi wa mama. Nilipompigia simu nimtukane, alinijibu taratibu, "Dada yangu, mama yako alisema ni mke wa kijana wa marehemu. Nionyeshe huyo kijana, nami ning'oe vigingi leo." Nilikata simu.

Ndiyo maana nikaanza kuzungushwa. Korti ilisema haiwezi kuanza bila barua ya chifu inayotaja waliobaki nyuma ya marehemu na kila mmoja alikuwa nani wake. Chifu alisema hawezi kuandika mpaka familia ikubaliane. Familia, yaani binamu, ilisema itakubaliana ikionyeshwa mume. Nikarudi kwa yule karani, ndipo akataka cheti. Sasa mnielewe. Nilikuwa natakiwa nipeleke kwa serikali ushahidi kwamba mtu ambaye hakuzaliwa amekufa. Kuna siku nilikaa kwenye ngazi za korti nikacheka peke yangu mpaka askari akaja kuniuliza kama niko sawa.

Na dawa ilikuwa ndogo! Mama aseme tu ukweli mbele ya chifu. Wakili mmoja aliniambia sheria inaitambua ndoa ya namna hiyo, wake wa akina Kogo wamerithi kortini kabla yetu. Nikakimbia Sosiot nikiwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto. Nilimkuta mama anachuma chai, anazunguka vigingi vya watu kana kwamba ni visiki.

"Sisemi," akasema.

"Mama, utafukuzwa."

"Wakisikia niliolewa na mwanamke watafikiria nini? Wewe unajua vijana wa siku hizi wanafikiria nini."

"Si tutawaeleza ilikuwa mila?"

"Nani atangoja nimalize kueleza?" Akatupa majani kwenye kikapu. "Wataninyang'anya ufunguo wa jikoni kwanza."

Ati ufunguo! Shamba linakwenda, nyumba inakwenda, yeye anafikiria ufunguo wa jikoni ya kanisa. Nilimpigia kelele pale shambani hadi majirani wakasimama. Nampenda mama, lakini aki ya Mungu siku hiyo ningemtikisa.

Mwishowe chifu alituita. Mara ya kwanza binamu hakuja. Mara ya pili chifu mwenyewe aliitwa kwa mkutano. Mara ya tatu tukafika wote, na binamu, mwerevu yule, akaingia akiwa amemshika pasta mkono. Eti amemleta afungue kwa maombi. Nilielewa papo hapo. Amemleta ili mama afunge mdomo.

Pasta akaomba, tukasema Amina. Chifu akachukua kalamu.

"Mama, marehemu alikuwa nani wako?"

Mama akaangalia viatu vya pasta.

"Alishasema mwenyewe kwa kipaza sauti," binamu akasema. "Ni mke wa kijana wake."

"Sawa," chifu akasema. "Huyo kijana alikuwa anaitwa nani?"

Naapa, nilimwona mama akitafuta jina. Midomo ilikuwa inacheza. Nilijua akitaja jina lolote lile, hata moja tu, litaandikwa, na hapo shamba limekwenda na hakuna wakili atakayelirudisha.

"Hakukuwa na kijana," mama akasema. "Nilidanganya watu. Kogo ndiye alinioa. Babake huyu," akamwonyesha binamu kwa kidole, "ndiye alileta ng'ombe nyumbani kwetu, na mmoja alikuwa anachechemea."

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mlangoni akasema ni kweli, alikuwa anachechemea, wao wenyewe walimcheka. Binamu akaanza kusema kitu, chifu akamwinulia mkono. Akaandika, kisha akatusomea: mke wa marehemu. Akavuta mhuri.

"Asante Mama. Inatosha."

Nilishusha pumzi. Nilishika mkoba wangu, nikasimama, nilikuwa nataka barua hiyo ifike Kericho kabla mtu hajabadilisha mawazo. Lakini mama hakusimama.

"Alikuwa mkali," akasema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Ugali ukiwa mbichi alikuwa anaurudisha jikoni. Nilitoroka nikarudi kwetu, akanifuata kwa miguu, akakaa nje ya mlango wa baba mpaka nikatoka. Nikiwa na mimba ya huyu binti yangu alinikataza kubeba kikapu cha chai. Alibeba yeye, na mgongo ule wake, watu wakimcheka barabarani."

"Mama," nikasema.

"Alipougua ni mimi nilimwosha. Hakutaka mtu mwingine. Alikufa ameshika nguo yangu hivi." Akaikunja sketi yake kwenye ngumi. "Halafu siku ya kumzika nikasimama juu yake nikasema bwana yangu ni mwingine."

Chifu alikuwa ameshapiga mhuri. Nje bodaboda ilikuwa inaningoja, na karani hufunga dirisha mapema.

"Mama, basi, twende. Ameshaandika."

Akanigeukia, na sijawahi kuona macho yale.

"Wewe nyamaza. Huyo ninayemsema ni baba yako."