Mguu wa Shemeji Buti

Mkishasoma haya mtasema Japanangka amelewa tena chai yake ya vijiko tisa vya sukari. Semeni tu, nimezoea. Mwaka ule niliposema maji ya mvua yatafika mpaka mlangoni pa duka, watu walicheka, na wiki hiyo hiyo muuza duka alikuwa anaokota viatu vinavyoelea. Hii ya leo ni ngumu kuaminika kuliko ile ya mvua. Ndani yake mna mbwa ambaye ni shemeji, mna bibi asiyetazamwa, mna daktari aliyeachwa mdomo wazi, na mimi nimo, tena katikati, nikifanya kazi kubwa kuliko wote. Bila mimi Buti angekufa. Selwin anasema bila mimi Buti asingekaribia hata kufa. Huyo msimsikilize kwanza.

Selwin Jakamarra ni mtoto wa dada yangu. Kwa hiyo akili aliyonayo imetoka upande wetu, na ule ukimya ni wa baba yake. Ujanani alijenga uzio kwenye mashamba ya ng'ombe, halafu akacheza mpira mpaka goti likamkataa, halafu akakaa nyumbani miaka miwili akitazama ukuta. Mbwa ndio waliomtoa. Popote alipokwenda walimfuata, saba, wanane, wala hakuwa na mfupa mfukoni. Halmashauri ilipotafuta mtu wa kumsaidia daktari wa mbwa hapa kijijini kwetu Jarlji, jangwani, hawakuita mtu kwenye usaili. Walichungulia dirishani.

Kila mwezi anazunguka nyumba zote na ndoo ya vipande vya mkate vilivyotiwa dawa ya upele na minyoo. Anajua nani anameza mkate mkavu na nani hali mpaka upakwe jamu. Anajua jike lipi lina mimba kabla wenyewe hawajajua. Na ana daftari. Daftari hilo mwaka wa kwanza lilitaka kututia wazimu sote, maana Selwin aliandika mbwa mia mbili na arobaini, na daktari akahesabu mia na kumi. Tuliwatafuta wale wengine mpaka kwenye jaa la taka. Kumbe kila mbwa ameandikwa nyumba alikozaliwa, nyumba anakokula na nyumba anakolala, na kila nyumba imesema ni wetu. Hakuna aliyedanganya.

"Sasa nimfute wapi, mjomba?" Selwin aliniuliza.

"Mfute kote, halafu uanze upya."

Akanitazama vile ninavyotazamwa siku zote.

Nisije nikasahau, maana hapa ndipo wageni hupotea. Kwetu mbwa hakai bila ukoo. Anahesabiwa mtoto wa anayemlea. Mama mkwe wa Selwin ni Nangala, na watoto wa kila Nangala, kwa jina la ukoo, wa kiume ni Japaljarri, wa kike ni Napaljarri. Lorna, mke wa Selwin, ni Napaljarri. Buti, mbwa wa Nangala, dume jekundu lenye miguu minne myeupe, ni Japaljarri. Basi Lorna na Buti ni dada na kaka, na Buti ni shemeji wa Selwin. Anasalimiwa hivyo, na akikosewa anakasirika kama shemeji yeyote.

Na mkwe ni mkwe. Kwa miaka kumi na tisa Selwin hajamtazama Nangala usoni, hajakaa naye kivuli kimoja, hajamwambia hata neno. Bibi akiingia dukani kwa mlango wa mbele, Selwin ameshatokea wa nyuma, ameacha unga kwenye kaunta. Hawajagombana. Ni heshima hiyo, na wote wawili wanaishika sana. Mkate wa dawa wa nyumba ya Nangala naupeleka mimi, kwa kuwa kwangu Nangala ni binamu, na ninaruhusiwa kumtania mpaka anirushie kuni.

Julai iliyopita Buti alimfukuza kangaruu ndani ya vichaka vya miti ya mulga, akarudi kwa miguu mitatu. Wa nne, ule wa mbele, ulikuwa umechomwa na kijiti, na kijiti kimebaki ndani. Nangala alimkanda kwa majani ya moto, akamlaza juu ya blanketi lake mwenyewe. Siku ya nne Buti alikataa mkia wa kangaruu. Nangala ni mtu wa kula kenge aliyekamatwa asubuhi ile ile, na anayemkamatia ni Buti. Bila Buti ni nyama ya kopo, na mlangoni hakuna wa kumngurumia mtu.

Bahati nzuri Daktari Roslin alikuwapo. Yeye huja mara mbili kwa mwaka, siku tatu tatu, na hupanga meza yake ndani ya gereji ya halmashauri. Bahati mbaya, hiyo ilikuwa siku ya tatu, na ndege yake ilikuwa inaondoka saa nane mchana.

Saa mbili asubuhi nilimfikisha Buti gereji kwa toroli. Daktari akamgusa, akamnusa ule mguu, akakunja uso.

"Nikimpasua leo atapona," akasema. "Nikimwacha, wiki haiishi. Na akishalala usingizi wa dawa, ningeweza pia kumhasi hapo hapo, apunguze kupigana na kutangatanga. Lakini mwenyewe akubali. Mimi simgusi mbwa mpaka mwenyewe akubali."

Selwin akatazama viatu vyake. Mwenyewe ndiye yule asiyeweza kuulizwa naye. Lorna angekwenda, lakini Lorna wiki ile alikuwa mjini Alice Springs, hospitalini, kwa ajili ya macho yake. Akanigeukia mimi.

"Mjomba, kamwulize mambo mawili. Mguu, na lile lingine. Uniletee majibu mawili. Usiongeze kitu."

"Lini mimi nimeongeza kitu?"

Buti ndiye aliyejibu, kwa kushusha pumzi.

Nikatoka mbio. Mbio zangu zikafika dukani zikachoka, maana wazee walikuwa wamekaa mbele ya duka na habari ilishawafikia.

"Japanangka! Ni kweli mnamhasi shemeji?"

"Selwin atashika upande gani, kichwa au mkia?"

"Akimaliza na huyo, waambie shemeji zake wengine wakimbilie porini!"

Sasa mtu utapitaje hapo bila kusema neno? Nilisema manne matano. Nilipofika kwa Nangala jua lilikuwa limeshapanda na mimi nilikuwa nimeshapata moto.

"Binamu," nikamwambia, "wanataka kumpasua mguu. Na huko nyuma wanataka kumkata."

"Nani anataka?"

"Daktari. Na yule mtu wako."

"Na yeye? Amesema kwa kinywa chake?"

Hapo ndipo ningesema daktari ameuliza tu. Lakini maneno yalikuwa matamu mdomoni. "Amesema? Binamu, yule ameshanoa kisu!"

Nilitegemea kuni. Hazikuja. Nangala aliuweka mkono wake juu ya lile blanketi tupu. Alipokuwa msichana mdogo, watu wenye bunduki walikuja kwa gari jeupe asubuhi wakasema wamekuja kusafisha kambi, na mpaka chai inachemka hapakuwa na mbwa anayesimama. Mama yake alificha watoto wawili wa mbwa ndani ya gauni. Hilo hata mimi sijawahi kulitania.

Alinijibu mwishowe. Alijibu vizuri, kwa maneno mengi, akihesabu kwa vidole. Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimeshasimama, aibu imenishika, nawaza njia ya kulifuta lile la kisu. Halafu dukani wakanisimamisha tena.

Nilipofika gereji, Selwin alikuwa amekikumbatia kichwa cha Buti.

"Amesemaje?"

"Amesema ndiyo."

"Ndiyo ya mguu?"

"Ndiyo ya... Palikuwa na ndiyo moja na hapana moja."

"Ipi ni ya wapi?"

Nikafikiri. Nawaambia ukweli, nilifikiri mpaka masikio yakawaka. "Au zilikuwa ndiyo mbili. Alihesabu kwa vidole."

"Vidole vingapi?" akauliza daktari.

"Vitatu."

"Mambo yalikuwa mawili!"

"Ndiyo hapo na mimi nachanganyikiwa."

Daktari akamtazama Selwin. "Sielewi."

"Hata mimi," akasema Selwin.

Ilikuwa saa nne kasoro. Daktari alisema asipoanza saa nne na nusu haanzi, kwa sababu hawezi kumwacha mbwa hajaamka akapanda ndege. "Arudi akaulize tena," akasema.

"Akirudi tena ataleta ndiyo nne na hapana sita," akasema Selwin. "Na mimi siwezi kukata kitu kwa kubahatisha. Nikikosea, yule hatapokea tena mkate wa dawa kutoka kwangu, wala nyumba za dada zake. Na atakuwa na haki."

Ndipo tulipoona vumbi. Nangala anakuja kwa miguu, amejitanda blanketi, nyuma yake mbwa wake jike mzee, Tili. Selwin aliona ncha ya blanketi tu, akageuka akabandika uso ukutani. Nangala naye, alipofika kwenye mapipa ya mafuta yaliyo nje, hatua kama thelathini kutoka gereji, akatugeuzia mgongo, akakaa chini ameelekea uzio. Daktari akatazama mgongo huu, akatazama mgongo ule.

Nangala akapaza sauti. "Tili! Eti kuna mtu amenoa kisu. Eti anataka kumkata kaka yako."

Selwin, pua ukutani, mkono nyuma juu ya kichwa cha mbwa, akasema, "Shemeji Buti, umesikia? Mimi sina kisu. Nilimtuma mtu aulize tu."

"Tili, aliyetumwa ni nani?"

"Shemeji, aliyetumwa ni aliyekuleta kwa toroli."

"Aa. Tili, ndiyo maana."

Daktari akaninong'oneza, "Wanaongea na nani?"

"Na mbwa."

"Na mbwa wanajibu?"

"Subiri, usiwakatize."

Tili alijikuna. Halafu Nangala akasema, polepole safari hii, "Tili, wale wa zamani nao walisema wamekuja kutusaidia."

Niliona mgongo wa Selwin ukipanda na kushuka. "Shemeji," akasema, "kichwa chako nitakishika mimi. Sitaondoka mezani. Ukifumbua macho, wa kwanza kumwona ni mimi. Na lolote ambalo hukuambiwa, halitafanyika."

"Tili," akasema Nangala, "mguu nilisema ndiyo. Nilisema tangu mwanzo, kidole cha kwanza. Lile lingine nilisema siyo leo. Nani mwingine hapa anajua kenge? Nataka watoto wake kwanza. Hicho cha pili. Cha tatu, wakishazaliwa, daktari akirudi, amkate apendavyo."

"Shemeji, nimesikia. Mguu tu."

Akamgeukia daktari. "Mguu tu. Mwenyewe amekubali."

Daktari alikuwa ameshika kalamu juu ya fomu. "Mwenyewe ni yupi kati ya hawa?" akauliza, na nadhani mpaka leo hajui aliandika nini.

Saa tano na nusu Buti aliinua kichwa akamwona Selwin. Selwin akampangusa mate, akatokea dirisha la nyuma, mtu mzima na goti lake bovu, ili bibi aingie kwa mlango. Nangala aliingia, akakaa sakafuni, akamnusa mbwa wake mguu, akamnusa kule nyuma pia, akahakikisha vyote vipo. Kisha akaniita kibogoyo mwenye mdomo kama mlango wa choo cha shule, mbele ya daktari. Nilipokea.

Watoto wa Buti walizaliwa Oktoba, sita, wanne wana miguu myeupe. Selwin amewaandika kwenye daftari nyumba moja tu, na nyumba mbili zimeshakuja kulalamika. Daktari aliporudi, Buti alihasiwa kama ilivyosemwa, na Selwin alishika kichwa. Wa dukani bado wanamwuliza shemeji anaendeleaje, naye anawajibu kwa adabu, jambo linalowachosha.

Lakini sijawaambia habari ya kile kijiti, na hapo ndipo msiponiamini mimi nitawaelewa. Daktari alipofungua ule mguu, kilitoka kipande cha mulga kirefu kama mkono wangu kuanzia kiwikoni. Alikivuta mpaka akakanyaga meza. Hakitoki. Selwin akaanza kutetemeka. Nikamwambia, mwanangu, nipishe, nikainama, nikakibana kwa haya meno yangu matatu, nikavuta mara moja, na kikafyatuka kikapiga bati la—

"Mjomba."

Selwin amesimama nyuma ya kiti changu na ndoo yake, sijui tangu lini, anasoma.

"Kijiti kilikuwa kama kidole. Na wewe ulizimia daktari alipowasha taa. Tulikuburuta nje tumekushika miguu."