Masika asinywe lile ganda jekundu

Leo Jumanne, mwezi wa saba tangu nitoke Lubero.

Yeyote aliye karibu na mke wangu Masika, akimbie amwambie asinywe lile ganda nililomtumia!

Hapa Kisangani natwanga maganda ya miti kwenye maabara ya dawa. Lile jekundu liliua vimelea vya malaria ndani ya kichupa, nikaona kwa macho yangu.

Masika ana malaria, na vita imefunga maduka ya dawa kwetu. Nikamtumia kwa lori la wafanyabiashara wa Makiso, hapa mjini.

Leo mama docteur, mkuu wa maabara yetu, ananiambia, «Papa, ile nyekundu tunaiacha.»

«Si iliua?»

«Iliua. Inashika protini moja ya kimelea, ndiyo tunalenga. Bon, tumekuta protini kama ile kwa moyo wa mutu. Ile ganda ikiishika, moyo unaweza kusimama.»

Nikamwambia nimelituma nyumbani.

«Weye papa! Tangu lini uko docteur?»

Kisha akaona uso wangu, akanipa simu yake.

Masika hapatikani.

Lori lilifika jana. Jamani, mlio Lubero, niandikieni hapa chini.

Kesho asubuhi napanda lori. Barabara ikikubali, Jumapili niko nyumbani.